Ametokea Wapi Huyu?

Watu wengi wanadhani kazi ya konda ni kudai nauli. Nauli ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe iko mlangoni: mguu mmoja ndani, mwingine unaning'inia, mkono mmoja umeshika chuma cha juu na mwingine uko huru kwa ajili ya kupiga bodi. Ukipiga mara moja, simama. Mara mbili, twende. Halafu kuna lile kofi la kiganja kizima, linalotikisa bati mpaka abiria wa siti ya nyuma ashtuke: ngoja, kuna mtu. Nilikuwa konda wa mjomba wangu kwa miaka sita, ruti ya Kisesa na Mwanza mjini, na kofi hilo la tatu nililipiga kuliko makonda wenzangu wote pale stendi. Walikuwa wananitania kwamba namdai tajiri, ndiyo maana namvunjia gari. Nami nilidhani nina mkono mzito tu.

Ilikuwa Hiace nyeupe ya tajiri mmoja wa Nyakato, iliyochoka Japani kabla haijaja kuchoka tena kwetu. Mjomba aliipenda kuliko tajiri mwenyewe. Juu ya kioo cha mbele aliweka pindo la kitambaa chekundu lenye nyuzi zinazocheza, upande wa kushoto stika tatu za dini na moja ya timu (siitaji, nisije nikapoteza nusu ya wasomaji hapahapa), na katikati akatundika kiatu cha mtoto mchanga. Leo nikikumbuka kile kioo najiuliza barabara ilikuwa inapitia wapi kuingia ndani.

Kwa abiria alikuwa dereva mpole. Giza likianza kuingia alipunguza mwendo mpaka bodaboda wakawa wanatupita wakicheka. Akina mama wanaorudi na mabeseni yao kutoka soko la samaki la Mwaloni walikuwa tayari kuacha gari linalotoka wamsubiri yeye. "Huyu baba hana papara," walisema. Ni kweli, hakuwa na papara. Lakini upole wake wa mchana haukuwa sawa na ule wa jioni, na mimi niliyekuwa naye tangu saa kumi na moja alfajiri nilipaswa kuliona hilo.

Anayeijua ile barabara anaijua jioni yake. Ukitoka Kisesa kuja mjini unapita Igoma, Nyakato, Buzuruga, unateremka Mabatini kwenye nyumba zilizopanda juu ya mawe kama mbuzi, na muda wote huo uso wako umeelekea magharibi. Mwanza iko kama digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halina msimu wa kumhurumia dereva. Mwaka mzima linazama karibu wakati uleule, usawa wa macho yake, kwenye mida ya saa moja kasoro. Likishazama giza haliji kwa hatua, linadondoka. Ndani ya nusu saa umetoka kuunguzwa na jua umeingia kwenye taa za fulu za wenzako, ambao hawashushi kwa sababu na wewe hukushusha.

Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na taa moja ya fulu inatosha kukurudisha ulikotoka. Kijana hupona upesi. Mtu wa miaka 60 mboni yake haifunguki tena kama zamani, lenzi nayo imeingia umanjano, kiasi kwamba mwanga unaomfika ndani ya jicho ni kama theluthi moja ya ule unaomfika kijana wa miaka 20. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ikifika saa moja usiku mjomba anatukana kila gari linalokuja mbele, naye hakuwa hata amefika hiyo 60.

Dalili nyingine zilikuwa za nyumbani, ndogondogo, nyingine za kuchekesha. Kila wiki aliangusha kikombe cha chai, mkewe akasema ni haraka zake. Alijigonga bega kwenye mlango wa choo alichokijenga mwenyewe. Alikanyaga kifaranga. Akishuka kwenye gari alipapasa kwanza kwa mguu kabla hajakanyaga, kama mtu anayepima kina cha maji. Na ukimwamkia kutoka pembeni, "Shikamoo mjomba," hakukutupia jicho kama watu wengine. Aligeuka mzimamzima, mabega na kiuno, ndipo aitikie marahaba. Ukoo mzima tuliamini ni adabu ya kizamani.

Mwaka 2010 niliacha ukonda nikaenda kusomea umeme. Mjomba akapata kijana wa Igogo, mchangamfu, mdomo kama redio, fundi wa kujaza gari kuliko nilivyowahi kuwa. Alikuwa na kasoro moja, nayo wala si kasoro: hakupiga bodi. Yeye aliita. "Twende suka!" "Shusha hapo!" Na mara nyingi gari likiingia kituoni alikuwa bado yuko ndani anatafuta chenji. Kwa dereva mwingine yeyote hilo lisingekuwa neno.

Wiki ya tatu, pale Buzuruga, mjomba alivuta gari kushoto kufuata abiria wawili waliokuwa wamenyoosha mikono. Kati ya gari na hao abiria kulikuwa na mtu wa baiskeli amefunga gunia la dagaa wakavu nyuma. Hakuchomoka kichochoroni. Alikuwa anakwenda sambamba na gari kwa muda, na waliokaa dirishani walisema walikuwa wanamwona muda wote, hata mmoja alikuwa anahesabu mafundo ya kamba ya lile gunia. Gari lilimbana taratibu, bila kelele, likamlaza mtaroni. Mkono wa kushoto ulivunjika kifundoni, gunia likapasuka, dagaa wakamwagika barabarani wakimetameta kwa jua la jioni. Nimehadithiwa tukio hilo na watu wanne, na wote wanne hawaachi kuwataja wale dagaa.

Wote wanne pia wanataja neno la kwanza la mjomba aliposhuka garini. "Ametokea wapi huyu?"

Kila dereva amewahi kulisema hilo, na trafiki wamelisikia mpaka limewachosha. Walilichukulia kama wanavyolichukulia siku zote, ni utetezi. Walipima barabara kwa futi, wakakagua breki, matairi, bima, leseni. Vyote vizima. Wakamnusa mdomo, hakuna kitu, mjomba hajawahi kuonja pombe maishani. Akakubali kosa, akalipia matibabu na dagaa, mwenye baiskeli akaridhika, tajiri akanuna siku tatu, yakaisha. Hakuna aliyeuliza habari ya macho. Mimi nilisafiri kumpa pole, nikakaa kwake jioni nzima, nikanywa chai iliyomwagika nusu kwenye sahani, nisiulize.

Aliyeuliza ni yule mwenye baiskeli. Mjomba alikwenda kwake kumjulia hali, na ndugu wa kiume mmoja wa kumsindikiza, na sukari kilo mbili. Yule mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye hogo. Akamkaribisha, akanyoosha mkono wake mzima, wa kulia, apeane naye. Watu wakielekeana, kulia kwako ni kushoto kwa mwenzako. Mkono ukabaki hewani. Mjomba alikuwa anamtazama usoni, anatabasamu, anaendelea na pole zake, na mkono uko pale chini upande wake wa kushoto unamsubiri. Yule mtu hakuushusha. Aliuacha hivyo mpaka mjomba akamaliza kusema.

"Mzee," akamwambia, "wewe huoni."

Nilimpeleka mimi kliniki ya macho. Alikwenda kwa kunifurahisha, na alikwenda na miwani ya kununua sokoni ambayo hakuwa anaivaa kazini, kwa sababu abiria wakimwona dereva na miwani wanapanda gari la nyuma. Walimweka mbele ya ile chati ya herufi zinazopungua ukubwa, aliyoibuni daktari wa Kiholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Mjomba akafunika jicho moja akaanza kusoma, kwa sauti ya mwanafunzi wa zamani wa shule ya misheni, mstari kwa mstari, hadi karibu na mwisho. 6/9, jicho la kulia. 6/9, jicho la kushoto. Maana yake ni kwamba akiwa mita 6 anaisoma herufi ambayo mtu wa macho ya kawaida angeisoma akiwa mita 9. Kwa mtu wa miaka 53 hilo ni jicho la kujivunia, na mjomba alijivunia. Alinigeukia, mzimamzima kama kawaida yake: "Umesikia?"

Daktari alikuwa dada mdogo, pengine hakuzidi 30. Hakubishana naye. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akamwambia, "Baba, funika jicho la kulia, niangalie pua. Usihame puani. Ukiona kidole changu, niambie." Akanyoosha mkono pembeni akaanza kuchezesha kidole, akikileta mbele polepole. Mimi niliyekaa nyuma ya mjomba nilikiona tangu kilipoanza. Kikafika usawa wa sikio. Kimya. Kikafika kwenye pembe ya jicho. Kimya. Daktari hakuharakisha. Kidole kikaja mpaka karibu na mbele ya shavu, na mimi nikajikuta nakunja kiganja pajani, nataka kupiga bodi.

"Sasa," mjomba akasema.

Akapimwa presha ya macho. Kawaida huwa kati ya 10 na 21. Lake la kushoto lilikuwa 34, la kulia 29.

Ugonjwa huo hospitalini wanauita glaukoma. Ndani ya jicho mna maji, ambayo si machozi. Yanatengenezwa muda wote na kutoka muda wote kwa vijitundu vyembamba sana. Vijitundu hivyo vikiwa vizito kupitisha, maji yanajaa, presha inapanda na kuuminya mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja. Zinakufa kidogo kidogo, kwa kawaida zikianzia zinazoleta habari za pembeni, na zile za katikati, za kusomea herufi, zinabaki hadi mwisho. Hakuna maumivu wala jicho jekundu, hakuna kitu cha kumwambia mke wako asubuhi. Wapo hata wanaoumwa na presha yao ni ya kawaida. Na uzi uliokufa haufufuki. Hapo ndipo watu wanapochanganya na mtoto wa jicho, ambaye daktari anamtoa, anaweka lenzi nyingine, na mgonjwa anarudi kuona. Mjomba naye alichanganya. Aliuliza, "Sasa mtanitoa lini?"

Nilichotaka kujua mimi kilikuwa kingine. Mtu anawezaje kupoteza nusu ya dunia asijue? Nilidhani angeona weusi pembeni, kama anayechungulia kwenye bomba. Yule dada akanifundisha jaribio ambalo sasa nalifanya kwenye kila kijiwe, nawe lifanye hapo ulipo. Nyoosha mikono mbele, madole gumba yasimame yakiwa yamegusana. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia likodolee dole la mkono wa kushoto, usilihame. Sasa lisogeze dole la kulia polepole kwenda kulia. Likifika kama sentimita 15 au 20 hivi, kichwa chake kitatoweka.

Angalia kilichobaki mahali pake. Si shimo wala doa jeusi. Ni ukuta, kama uko mbele ya ukuta, au kanga ya mtu aliyekaa mbele yako. Pale ndipo mshipa unapotokea nyuma ya jicho, hapana chembe za kuona, na Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, aliligundua hilo miaka ya 1660. Kila binadamu ana doa hilo kwenye kila jicho na halimsumbui, kwa sababu ubongo hauachi tundu wazi. Unachukua kilicho jirani unapaka. Mjomba alikuwa na madoa ya namna hiyo makubwa kuliko kichwa cha dole gumba, upande wa kushoto zaidi, na kila siku kuanzia Kisesa hadi mjini ubongo wake ulikuwa unayapaka lami. Pale Buzuruga aliona lami safi na abiria wawili. Hakumdanganya trafiki yeyote. Mtu alitokea kweli, kutoka mahali ambapo kwa mjomba hapakuwepo.

Na kwa miaka sita kabla ya hapo aliyekuwa anamjazia zile nafasi ni mimi, kwa kiganja. Nilikuwa najua, bila kujua kwamba najua. Mkono ulijifunza kwamba kwa huyu dereva, upande wa kushoto, lazima useme. Kwa madereva wengine niliowahi kuwafanyia deiwaka siku moja moja, nilipiga bodi kidogo tu na hakuna aliyegonga mtu. Sikuwahi kulinganisha. Nani analinganisha?

Kabla hatujatoka daktari alimuuliza anatumia dawa gani ya macho. Mjomba akatia mkono mfuko wa shati akatoa kichupa, kimekwisha nusu, lebo imefutika kwa jasho. Vumbi la Kisesa na moshi wa magari vilimwekea macho mekundu miaka mingi, na muuzaji wa duka la dawa alikuwa na matone yanayosafisha wekundu kwa siku moja. Yule dada akakigeuza kichupa kwenye mwanga, akasoma, akakiweka mezani mbali na mkono wa mjomba. Ilikuwa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi. Ni dawa nzuri mahali pake, kwa muda mfupi na daktari akifuatilia. Ukiitia miezi na miaka inaweza kupandisha presha ya jicho, na kuleta mtoto wa jicho juu yake. Hakusema ndiyo iliyomponza. Aliuliza pia kama kuna mtu kwenye ukoo aliyepofuka, na tukatazamana, kwa sababu bibi alikufa haoni na sisi tulisema ni uzee. Lakini nenda leo kwenye kijiwe chochote cha madereva, waombe watoe vilivyomo kwenye mifuko ya mashati.

Nimelifikiria sana suala la leseni. Kwetu sasa ni ya miaka 5, na mjomba alihuisha zake zote bila tatizo. Fomu moja ya afya anaikumbuka vizuri: ilipigwa muhuri mahali fulani na mtu ambaye hakunyanyua uso kumtazama. Rahisi kumlaumu huyo, na anastahili. Ila hata angemsimamisha mbele ya chati, mjomba angesoma, na kwa sauti. Uingereza wana jaribio la kusoma namba ya gari lililo mita 20. Nilimpima nalo nje ya kliniki, kwa hatua zangu, akaisoma namba ya daladala la mtu na kuniambia linadaiwa na nani. Wao wanaongeza sharti la pili, kwamba upana wa kuona usipungue digrii 120 kutoka upande hadi upande, na hapo ndipo angenaswa. Mimi nasema hivi: kipimo cha kidole kinahitaji viti viwili na dakika tatu. Anayebeba roho za watu kumi na tano na amevuka miaka 40 afanyiwe hicho kila mwaka, chati iwe nyongeza. Anayesema ni gharama aniambie kidole kinauzwa bei gani.

Dawa alipewa, tone moja kila usiku, maisha yote, kuzuia kisizidi kupotea kilichobaki. Alipotoka pale alikwenda nyumbani, akala, akalala. Alfajiri akaingia barabarani.

Ndiyo. Aliendesha wiki mbili nzima, na ukoo ulijua. Watoto watatu walikuwa shule, hesabu ya tajiri haisubiri, na dereva asiye na gari pale stendi ni mtu wa kuombaomba deiwaka kwa vijana aliowafundisha gia. Nilipomkabili alinijibu kwa utulivu: "Mjomba, barabara hii naijua nikiwa nimefumba macho." Na nadhani aliijua kweli, kila shimo na kila tuta. Lakini gari likienda kilomita 50 kwa saa linakula mita 14 kila sekunde, na kitakachokuwemo ndani ya hizo mita 14 kesho hakikuwepo jana.

Nilikwenda Nyakato kwa tajiri. Nilimwambia kila kitu, na namba za presha nikamwandikia kwenye karatasi. Siku iliyofuata mjomba alifika kuchukua gari akakuta funguo ana mtu mwingine. Hakuniuliza kama ni mimi. Alikaa miezi minane bila kusema nami, kwenye msiba wa shangazi yetu aliniamkua kupitia mtoto wake, na mama yangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, aliniambia nimefanya vizuri na nimefanya vibaya. Nimeliacha hivyohivyo alivyolisema. Baadaye mjomba alipata kazi ya kupanga foleni ya magari pale Igoma, kazi ya kukaa kivulini na daftari, na vijana wakamheshimu. Siku moja akanipigia simu kuniuliza bei ya soketi. Tukaanzia hapo.

Sasa nina miaka 41 na gari langu, Probox ya kubebea waya na ngazi. Glaukoma hutembea kwenye ukoo, na kwa upande wa mama tunao wawili, bibi na mjomba. Kwa miaka mingi nilikuwa na sababu nzuri ya kila mwaka ya kutokwenda kupimwa. Mwaka jana nikaenda. Wanakukalisha kidevu juu ya kiegemeo, uso ndani ya bakuli jeupe kubwa, jicho moja limefunikwa, kitufe mkononi. Katikati kuna taa ya manjano ya kuitazama. Kisha vidoa vya mwanga vinawaka huku na huku, vingine hafifu sana, na ukikiona unabonyeza. Ni dakika chache kwa kila jicho na zilikuwa ndefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya, kwa sababu sehemu kubwa ya muda hakuna kitu, na hujui kama ni kwamba hakijawaka au ni kwamba kimewaka. Nilianza kubonyeza kwa kubahatisha. Mashine ikanijua, mhudumu akasimamisha, akaniambia, "Kaka, bonyeza ulichokiona, siyo unachoogopa kukikosa." Tukaanza upya. Upana wangu uko sawa. Presha ya kushoto ni 23. Narudi kila baada ya miezi sita.

Mama yangu anakaa Sengerema. Zamani safari ya kwenda kwake ilikuwa ya kivuko, unafika Kigongo unapanga foleni, unakula mahindi ya kuchoma, unatazama maji mpaka unayachoka. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya ghuba, unavuka kabla wimbo mmoja haujaisha. Mjomba alikuwa hajaliona, nikampitia Jumapili moja. Amekaa kiti cha kushoto, mkanda umefungwa, kofia magotini, sasa ana miaka 68. Tulipofika katikati akaniomba nipunguze mwendo. Akageuza kichwa polepole kutoka upande hadi upande, akikusanya ziwa kipande kwa kipande. "Kumbe ni pana hivi," akasema. Nikamwacha akusanye. Nyuma yetu fuso ilipiga honi, tukaendelea.

Tulirudi jioni. Pale Usagara, barabara ya Kigongo inapoungana na ile ya Shinyanga, nilisimama nisubiri nafasi ya kuingia kushoto kuelekea mjini. Malori yakawa yanapita, kisha pakawa na mwanya. Mjomba akatoa mkono dirishani akapiga bodi mara mbili, kama zamani alivyonisikia mimi nikipiga.

"Kushoto kweupe. Twende."

Nikageuka mwenyewe kuangalia. Kati ya mlango wake na ukingo wa barabara kulikuwa na bodaboda, amembeba mama na mtoto mgongoni, anajipenyeza taratibu atupite kwa kushoto. Alikuwa karibu kiasi kwamba mjomba angeweza kuishika kanga ya yule mama.

"Kuna bodaboda, mjomba."

"Wapi?"

"Hapo ubavuni kwako."

Akageuka, kichwa, mabega, kiuno, mpaka akampata. Akamtazama kwa muda, na yule mtoto mgongoni akamtazama pia.

"Eeh," akasema. Akarudisha mkono ndani, akauweka juu ya kofia. "Mwache kwanza apite."